Saba, Siyo Nane

Alhamisi nafunga kibanda changu cha Gerezani mapema.
Redio za watu zinalala vifua wazi,
waya nje kama utumbo wa samaki,
na wenyewe watanisema kesho.
Leo Hemedi Ngwali anapiga Magomeni,
na amplifaya anayopigia niliiunga mimi
kwa lehemu, kwa kukodoa macho,
kwa deni ambalo hajalipa
na sitalidai.

Zamani alikuwa mtu wa roki, tulimjua hivyo:
nywele mgongoni, suruali imepasuka magotini
kabla mpasuko haujawa fasheni,
gitaa likilia kama bati linaloburutwa kwenye lami.
Vijana wa fulana nyeusi bado wanakuja.
Wanasimama nyuma, karibu na friji,
wanapaza, "Kaka, pasua!"
Yeye hucheka,
hubonyeza kitufe kwa kidole gumba cha mguu,
na sauti hunywea,
inakuwa kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

Ndipo Lulandala anaingia na besi.
Haitembei besi yake, inachechemea kwa makusudi,
na Chiduo kwenye dramu
anahesabu kitu ambacho hatukulelewa nacho.

Sisi tumelelewa na nne.
Nne ya dansi, nne ya harusi, nne ya kwata.
Basi tukapiga makofi: moja mbili tatu nne,
moja mbili tatu
tukatumbukia.
Kofi letu la mwisho likakanyaga hewa
pale tulipodhani pana ngazi.
Baa nzima ikacheka, na Hemedi naye,
lakini vidole havikucheka, viliendelea.

Ni Bupe aliyetufumbulia, nesi wa Amana,
bado na viatu vyake vya zamu.
Aligonga chupa ya soda kwa kijiko, mara mbili, mara tatu, akasema:
"Saba, siyo nane.
Acheni kumngoja wa nane, hatakuja."
Alisema hivyo bila ukali, bila kuficha,
nadhani kama anavyosema wodini.

Tangu siku hiyo meza yetu ni ya saba.
Kapufi, mshona makochi, hahesabu chochote.
Hufumba macho tu,
na mdomo wake huzifuata noti
kama mtoto anayelishwa uji.

Jana, yaani Alhamisi iliyopita, nasema jana
kwa sababu bado haijanitoka,
katikati ya ule mchepuko wake mrefu
Hemedi alichomeka kipande cha dansi la zamani,
kifupi, kama shangazi aliyekatiza sebuleni na khanga yake
wanaume wakiwa kikaoni,
akatokea mlango wa pili.
Wazee wakashtuka: "Eh!"
Kabla hawajamaliza kushtuka akabonyeza kitufe,
akapasua.
Wale wa kwenye friji walipata bati lao na lami yao,
ila kwa saba,
vichwa vikitikisika, vikipotea, vikirudi.

Kisha akaishika noti moja, hakuiachia.
Wengine walitazama mkono wake. Mimi nilitazama amplifaya.
Mle ndani kuna kapasita niliitoa
kwenye runinga ya marehemu baba,
runinga iliyotunyamazisha nyumba nzima
kila saa mbili usiku, taarifa ya habari.
Noti ilipita mle.
Nikasikia unguruma mdogo chini yake, ule ambao fundi tu huusikia,
nikajua ningeweza kuuondoa kwa dakika kumi,
nikajua siuondoi.

Nilirudi kwa miguu, nikaikata Jangwani,
nikihesabu.
Ukitembea kwa saba, moja huangukia mguu wa kulia,
na duru inayofuata huangukia wa kushoto.
Hakuna mguu unaoonewa.